Hakuna Aliyemsemesha Colby

Jumapili ile asubuhi Colby Renfroe alimimina kahawa pembeni ya kikombe. Si kwamba ilimwagika kidogo kama inavyoweza kumtokea yeyote. Kikombe kilikuwa kushoto kwake, birika liko mkono wa kulia, naye akamimina mezani, taratibu kabisa, mpaka kahawa ikaanza kumchuruzikia miguuni. Ndipo akaruka, akanitazama kuona kama nimeona.

"Nimeona," nikamwambia.

"Usingizi tu, Bi Lorna."

"Usingizi gani? Umelala kwa muda wa saa kumi na moja nzima, nimekuhesabia."

Alichukua kitambaa akaanza kufuta, na alifuta upande wa kulia tu. Dimbwi la kushoto alilipita kama halipo. Nikahisi baridi inanitambaa mgongoni, mwezi wa Agosti, jikoni kwangu mwenyewe.

Timu yetu hapa mjini Tolliver, iitwayo Batamzinga, ni ya daraja la chini kabisa la besiboli, na vijana wa daraja hilo hawana pa kulala mpaka watu wa mji wawachukue majumbani. Mimi na marehemu mume wangu tulianza kuwachukua miaka kumi na tisa iliyopita, mmoja kila msimu, na tangu mwenzangu afe nimeendelea peke yangu. Colby alikuwa wa kumi na tisa. Mrushaji, miaka ishirini na mitatu, katoka jimbo la Arkansas, kalelewa na bibi yake, na adabu zake za kusini, Bi Lorna hapa, Bi Lorna pale. Alikula siagi ya karanga kwa kidole na kuacha soksi zake kwenye ngazi ili nijikwae nife. Nilimpenda kuliko wote waliomtangulia, na sioni haya kulisema hilo.

Siku tisa kabla ya Jumapili hiyo mpira ulimpiga kichwani, juu ya sikio la kulia. Kazi ya mrushaji ni kusimama juu ya kile kichuguu katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji aliye hatua ishirini hivi mbele yake ameshika rungu. Mpigaji akiupata vizuri, mpira hurudi kwa kasi kuliko ulivyokwenda, na aliye karibu kuliko wote ni huyo huyo aliyeurusha. Colby alianguka, akainuka, akacheka. Daktari wa timu akampumzisha, akamwuliza maswali kila siku: kichwa kinauma? Hapana. Unaona vizuri? Naona. Jumamosi akamruhusu arudi.

"Umemdanganya daktari," nilisema.

Colby akaketi. Akatazama meza ile yenye kahawa.

"Bi Lorna, leo anakuja mtu wa timu kubwa. Anakuja kuniangalia mimi. Nikisema tu kichwa kinauma, watanikatia tiketi ya kurudi nyumbani, na mtu wa daraja hili akirudishwa nyumbani haitwi tena. Unajua. Umewaona wangapi?"

Nilikuwa nimewaona sita. Nimewapeleka stendi ya basi mimi mwenyewe.

"Na ukizidiwa huko uwanjani?"

"Nikizidiwa nitamwambia Kocha Rourke mwenyewe. Naapa kwa uzima wa bibi yangu. Lakini wewe usiseme. Tafadhali, mama."

Hakuwahi kuniita mama kabla ya siku ile. Mficha maradhi, kifo humuumbua, huo ni msemo nilioujua kabla yeye hajazaliwa. Na bado nikamwambia haya, sitasema.

Mechi ilianza saa saba mchana. Kiti changu kiko upande wa kituo cha tatu kati ya vile vinne anavyokimbilia mpigaji, safu ya sita. Wageni hudhani anayependa timu hukaa nyuma ya kibanda cha timu yake, kile ambamo wachezaji hungojea zamu. Akikaa hapo ataona nini zaidi ya paa? Sisi wazoefu hukaa ng'ambo, tukawatazama vijana wetu ndani ya kibanda, nani kanuna, nani anachokonoa pua. Jirani yangu wa miaka yote ni Merle Gustafson, fundi wa matrekta aliyestaafu, mwenye daftari lake la kuandikia mechi na penseli nyuma ya sikio. Kila mpigaji ana kisanduku chake kwenye daftari hilo, na Merle hajawahi kuacha kisanduku hata siku aliyofungishwa ndoa ya pili.

"Unatetemeka nini, Lorna? Ndiyo uzee?"

"Uzee unao wewe. Mie nasikia baridi."

"Baridi? Hata yule batamzinga anatokwa jasho!" Akanionyesha kwa penseli yule mtu aliyevaa mavazi ya manyoya, ambaye kila mechi huzunguka akiwapungia watu mabawa. "Mwanao atafanya vizuri. Kula soseji yako."

Soseji ilikuwa imepoa mapajani kwangu na haradali yake. Kila Colby alipoinua mguu kurusha, nilikunja vidole vya miguu ndani ya viatu, na kila rungu lilipozunguka nilisema moyoni, usirudi, usirudi, usirudi kwake. Watu walionizunguka walikuwa wanatazama mchezo. Mimi nilikuwa natazama kichwa cha mtu mmoja.

Ajabu ni kwamba alirusha vizuri. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzima, na mpira uliruka kama umetumwa na shetani. Wapigaji wa wageni walizungusha rungu hewani wakarudi kuketi wakitikisa vichwa. Timu ikitolewa wapigaji watatu, ngwe yake ya kupiga imekwisha, na ngwe ya kwanza watatu wametolewa. Ya pili watatu. Ya tatu watatu. Nyuma ya mdakaji anayeipokea mipira ya Colby, yule mtu wa timu kubwa, mwenye kofia nyeupe na chombo cha kupimia kasi, aliacha kutafuna mbegu za alizeti akaanza kuandika.

Katikati ya ngwe ya nne Merle alinyamaza. Ninyi hamumjui Merle. Huyu ni mtu aliyeongea hadi wakati wa mazishi ya mume wangu. Nikageuka kumtazama, naye akalifunika daftari kwa kiganja, lakini nilikuwa nimeshaona. Safu ya mapigo ya wageni kwenye daftari ilikuwa tupu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameupiga mpira akafika kituo cha kwanza.

Nikaelewa, na hofu yangu ikapata mwenzake.

Mrushaji akimaliza ngwe zote tisa, wapigaji ishirini na saba, bila kupigwa hata pigo moja la kumfikisha mpigaji kituoni, ni jambo ambalo mtu anaweza kuishi na kufa asilione. Mrushaji wa Tolliver hakuwahi kulifanya kwenye uwanja huu tangu wazee wetu walipoujenga. Mimi nimekuja miaka thelathini na mmoja, mvua na jua, sijaliona. Na likianza kunukia, kuna sheria ambayo haikuandikwa popote na hakuna anayeivunja. Halitajwi. Anayelitaja analitia nuksi. Huhami kiti. Huendi msalani. Na kule kwenye kibanda, mrushaji hasemeshwi, haguswi, hatazamwi usoni. Wenzake humwacha mwisho wa benchi peke yake, kama mtu aliyejamba kanisani.

Ngwe ya nne ilipokwisha Colby alishuka kwenye kibanda, na nikaliona likitokea. Wenzake walisogea. Kwanza mmoja, kisha wawili, mpaka ukapatikana uwazi wa watu wanne kati yake na binadamu wa karibu. Kocha Rourke akampa mgongo, akasimama pale ukingoni ameng'ang'ania nguzo. Nestor, mdakaji wake, rafiki yake anayekula kwangu kila Jumatatu, alipita mbele yake akitazama sakafu.

Nitamwambia kocha mwenyewe, ndivyo alivyoapa. Angemwambiaje? Kwenye benchi lile hakuna aliyekuwa tayari kumgeukia hata akiwaka moto.

Ngwe ya tano ndipo nilipojua. Sisemi nilishuku, nasema nilijua. Mpigaji alikosa, Nestor akamrudishia Colby mpira kwa upole, vile wanavyofanya mara mia kwa mechi. Colby aliinua mkono wa kushoto wenye glavu, akauinua kwa kuchelewa, na mpira ukampiga kifuani ukaanguka karibu na mguu wake wa kushoto. Akautafuta. Akatazama mbele, akatazama kulia, akajizungusha mzima mzima mpaka ukawa kulia kwake, ndipo akauona akauokota. Uwanja ukacheka, kicheko cha mapenzi, kwamba mtoto ana wasiwasi. Dakika kumi kabla walikuwa wamecheka hivyo hivyo wakiwatazama wanaume wawili waliozungushwa wameinamisha paji la uso kwenye rungu, kisha wakaambiwa wakimbie, wakaanguka kama walevi. Mchezo wa kawaida wa watazamaji wa kupisha muda kati ya ngwe na ngwe. Kwao kilikuwa kichekesho kimoja.

Nikainuka.

"Lorna," Merle alisema bila kugeuza kichwa. "Kaa."

"Merle, yule mtoto ni mgonjwa."

"Kaa chini. Unajua kwa nini."

"Nakwambia haoni upande mmoja!"

"Mama wee," mwanamke wa safu ya nyuma akanong'ona, "utakaa au tukukalishe?"

Nikakaa. Nikajiambia, nimemwahidi. Nikajiambia, daktari amempitisha, mimi ni nani, mpika mayai? Nikajiambia, ngoja ngwe moja tu. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka kwenye meno. Na nitasema kweli yote: nilikuwa na hofu na nilikuwa na hamu, na vyote viwili vilikuwa vimenishika makalio kwenye kile kiti.

Ngwe ya sita aliwatoa watatu kwa mipira kumi na mmoja. Kila mmoja alipotolewa nilihesabu kimya kimya, kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane, na nywele za mikono zilinisimama. Watu elfu tatu walikuwa kimya kama wako kwenye msiba. Muuza bia aliacha kuita bia. Merle alikuwa amebana mapaja, mzee wa watu, haja imemshika tangu ngwe ya tatu na hathubutu. Kule kwenye kibanda Colby alikaa mwisho wa benchi amejifunika taulo kichwani. Kisha akainama kwenye ndoo. Mgongo wake ulitikisika mara mbili, tatu. Alikuwa anatapika. Watu ishirini walikuwa kwenye kibanda kile, na wote ishirini walikuwa wanatazama kwingine kwa heshima.

Nikasema kimoyomoyo, Colby, mwambie. Mwite kocha. Umeapa. Akafuta mdomo, akanyanyuka. Aliinua mguu kukanyaga ngazi ya kibanda akaikosa, akashika ukuta, akatoka.

Ngwe ya saba. Wawili wakatolewa. Wa tatu akaja, jitu linalopiga kwa mkono wa kushoto, lenye mikono kama mapaja yangu. Colby akarusha. Nilisikia mlio wa rungu kabla sijaona chochote, mlio mkavu, ule ambao mtu aliyezoea uwanja anaujua, na mpira ukarudi moja kwa moja alikotoka.

Ulimpita sikio la kushoto. Naapa ulipeperusha nywele zilizotoka chini ya kofia. Mrushaji yeyote, hata mlevi, hata mtoto, hujikunja au huinua glavu kujikinga uso. Colby hakuinua glavu. Hakukwepa. Hakupepesa jicho. Nyuma yake yule kijana wa kituo cha pili alijirusha ubavu akaudaka mpira sentimita chache kutoka kwenye nyasi, na mpira uliodakwa hewani si pigo, mpigaji katolewa, na uwanja ukalipuka. Watu walikumbatiana. Merle alikuwa analia machozi ya kweli, ananipiga piga goti kwa daftari. Nestor alitupa kofia yake ya chuma hewani.

Na Colby alisimama juu ya kichuguu chake akigeuza kichwa huku na huku, akitafuta watu wanapiga kelele ya nini. Hakuwa amejua kwamba mpira umerudi.

Nikaenda. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka Merle amenishika mkono wa gauni na sauti yake imebadilika: "Lorna, usihame! Usihame, nakuomba! Wamebaki sita!" Nikamtoa vidole kimoja kimoja. Wakati huo huo, kama kawaida katikati ya ngwe ya saba, kila mtu alisimama kunyoosha miguu na kuimba, wameshikana mabega, wanayumba, na njia yote imezibwa na matumbo ya watu wa Tolliver. Nilipita nikiwasukuma. Niliwakanyaga. Nilimmwagia bisi mke wa mchungaji wangu. Nikazunguka nyuma ya mdakaji, nikampita mtu wa kofia nyeupe aliyekuwa anaongea kwenye simu uso umemng'aa, nikashuka upande wa kituo cha kwanza kuelekea kibandani.

Mlinzi wa ngazi, mzee wa fulana ya kijani, akanyoosha mkono. "Lorna, tiketi yako si ya huku, dada."

"Nipishe."

"Ngoja basi mechi iishe, utam..."

Nilipita chini ya mkono wake. Nina miaka sitini na saba na goti bovu, nilipita. Nikashika chuma pembeni mwa paa la kibanda na kuinama ndani.

"Kocha Rourke!"

Hakugeuka. "Lorna, nenda kakae."

"Colby ni mgonjwa. Mtoe."

"Nimesema nenda kakae." Alisema kwa meno yaliyofungwa, macho yake yako uwanjani. "Unajua kinachoendelea hapa."

"Haoni kushoto! Ametapika mbele yako, hujamwona? Asubuhi amemimina kahawa mezani! Amemdanganya daktari!"

Nyuma yangu walianza. "Nyamaza we bibi!" "Mtoeni huyo mwanga!" "Anatutia nuksi!" Kitu cha baridi kikanipiga mgongoni, kikachuruzika, ilikuwa bia na barafu yake. Na Rourke bado amenipa kisogo. Ndani ya kibanda hakuna aliyemtazama Colby, wote walikuwa wananitazama mimi, na nikaona kwamba hawatamtazama, hata akifa pale hawatamtazama, maadamu lile jambo bado lipo.

Kwa hiyo nililiua. Nikapaza sauti mpaka koo likachanika.

"Hajapigwa hata pigo moja! Mmesikia? Ngwe saba hajapigwa hata moja! Haya, nimeshasema, imekwisha! Sasa mwangalieni!"

Kisha zomea zomea ikaanza kutoka pande zote, lakini Rourke aligeuka. Kwa mara ya kwanza baada ya saa nzima alimtazama mrushaji wake.

Colby alikuwa amesimama mwisho wa benchi. Taulo limemwangukia begani.

"Kocha, huyu mama kachanganyikiwa. Niko sawa." Neno la mwisho lilitoka limelegea, midomo upande mmoja haikufuata. Aliniangalia. Nimeangaliwa kwa hasira maishani, nimeolewa miaka arubaini, lakini macho kama yale sikuwahi kuyaona. "Uliniahidi," akaniambia.

"Nipe mikono," Rourke akamwambia. "Yote miwili. Bana vidole vyangu, kwa nguvu."

Colby akampa.

"Bana na wa kushoto."

"Nimebana."

"Colby. Bana wa kushoto."

"Si nimebana hivi, Kocha! Husikii?"

Uso wa Rourke ulibadilika rangi. Mkono wa kushoto wa Colby ulikuwa umelala juu ya kiganja chake wazi kama glavu isiyo na mtu.

Alianguka kabla gari la wagonjwa halijafika langoni. Nestor alimdaka.

Mrushaji mwingine aliingia ngwe ya nane na akapigwa pigo kwenye mpira wake wa pili. Hilo nililisikia redioni, ndani ya gari langu, nikilifuata gari la wagonjwa kwenye barabara ya mashamba ya mahindi kwa mwendo ambao sitausema. Nilikuwa naomba kwa sauti. Nilikuwa namwambia Mungu nichukue mimi, na macho yangu, na mikono yote miwili.

Walimfungua fuvu jioni ile ile. Damu ilikuwa inavuja taratibu tangu siku mpira ulipompiga, kisha ikashika kasi siku ya mechi. Daktari alisema ngwe moja zaidi na tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Maneno hayo yakafika Tolliver kabla yangu, na wale walionimwagia bia wakaanza kuniletea mikate. Merle alikuja na pai ya tufaha, akasimama mlangoni kavua kofia, ameshindwa kuongea, yeye Merle. Gazeti likataka picha yangu. Mchungaji akanitaja kwenye mahubiri. Nikaitikia, nikashukuru, nikafunga mlango, na usiku sikulala.

Siku ya kumi nilikwenda kumwona. Bibi yake, Bi Odessa, alikuwa amekuja kwa basi kutoka Arkansas, mwanamke mdogo mkavu mwenye sauti ya chini. Alinikalisha karibu yake kando ya kitanda, akachukua mkono wangu akaweka mkono wake juu, na kila baada ya muda akaubonyeza. "Mungu alikuweka pale, dada yangu," alisema. "Alikuweka kwenye kile kiti makusudi."

Colby alikuwa amenyolewa, uso umemvimba, lakini maneno yake yalitoka sawa. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya shuka na vidole vyake havikunjiki. Hasira ile haikuwepo tena. Ningeomba iwepo.

"Daktari anasema huenda ukarudi, huenda usirudi," aliniambia. "Anasema inategemea ulikandamizwa muda gani. Ule wa mwisho mwisho ndio unaodhuru, anasema. Muda wa saa moja hivi." Akanigeukia. "Bi Lorna, wewe uliona lini? Uliona ule mpira wa ngwe ya saba, sivyo?"

Bi Odessa akanibonyeza mkono.

Ningeweza kusema ndiyo. Mji mzima ulikuwa umeshasema ndiyo kwa niaba yangu.

"Niliona ngwe ya tano," nikasema. "Ulipoutafuta mpira miguuni kwako. Nilijua pale pale."

Akahesabu. Nilimwona akihesabu, kwa sababu warushaji wote huhesabu. Ngwe ya tano, ya sita, ya saba.

"Ulingoja kwa sababu uliniahidi," akasema. Alikuwa ananipa njia ya kutokea. Mtoto mwenye adabu.

"Hapana," nikamwambia. "Nilitaka kuliona lile jambo likitimia."

Mashine ya kando ya kitanda iliendelea na mlio wake. Baada ya muda Bi Odessa aliuondoa mkono wake juu ya wangu, akauweka mapajani kwake.